Kwetu ya Nani

Nilipopata diploma yangu ya uinjinia Bruxelles, sikuwa na mtu wa kumshukuru isipokuwa Mungu na mgongo wangu mwenyewe. Serikali haikunifadhili, wala sikuwa na mjomba waziri. Mchana nilipakua mizigo kwenye maghala ya Anderlecht, jioni nikaingia darasani mikono ikinuka kadibodi. Wakongo wenzangu waliokuwa wakinicheka kwenye mikahawa ya Galerie d'Ixelles, na suti zao za kuazima, walikuja kunywa bia yangu siku ya diploma. Niliwanywesha wote.

Kazi ilikuwa inaningoja Lubumbashi, upande wa migodi. Nilikuwa nimeweka nafasi kwa wakala wa Antwerpen, ndani ya kontena la kwenda Dar es Salaam na kutoka hapo kwa lori hadi nyumbani. Kilichobaki ni mke wangu kusema ndiyo.

Mke wangu alizaliwa Likasi. Kiswahili chake ni kile kile changu, na shule ya masista alisoma pale pale. Lakini wazazi wake asili yao ni Kasai. Miaka michache kabla ya diploma yangu, watu wa asili hiyo walifukuzwa Katanga, mkoa wetu, wakawa wanalala stesheni na vyombo vyao wakingoja gari la moshi la kuwapeleka «kwao», ambako wengi hawajawahi kukanyaga. Baba mkwe na mama mkwe walikuwa miongoni mwao. Sisi tulikuwa Bruxelles, tukasikia kwa simu. Tangu hapo, kila nilipotaja kurudi, mke wangu aliendelea kumenya viazi kama mtu asiyesikia.

Nikaona nimpeleke akaone meli. Mwenzangu mmoja wa ghalani, Mflamandi, alikuwa amenisimulia juu ya kijiji cha Waholanzi kwenye mdomo wa mto wa Antwerpen, ambapo njia ya meli inapita karibu sana na ufuko. Tulikwenda Jumamosi moja, kwa gari langu mwenyewe.

Mwenzangu hakutia chumvi. Tulipopanda ngazi za tuta na kufika juu, meli ilikuwa mbele yetu, ndefu kuliko mtaa wetu, imebeba makontena kwa ghorofa. Baharia mmoja alikuwa anaanika shati. Watoto wa Kiholanzi walichimba mchanga bila hata kuinua macho. Nyuma ya ile ikaja nyingine, na upande wa pili nyingine zikiingia. Meli ikishapita maji yalitulia kidogo, kisha mawimbi yake yalifika ufukoni kwa nguvu, wazazi wakakimbilia viatu.

Mkahawa ulikuwa pale juu. Tuliagiza supu ya njegere, nzito kama uji. Upepo ulitikisa vioo. Mke wangu hakuvua koti.

Nikamwonyesha meli iliyokuwa inatoka. «Angalia ile. Moja kama ile njo itabeba vitu vyetu. Itafika Dar, kisha barabara, kisha kwetu.»

«Sema kwangu,» akasema.

«Nini?»

«Usiseme kwetu. Sema kwangu.»

Nikacheka. Nilidhani amekosea lugha, na mimi kosa la lugha siliachi lipite. «Mama, hata mutoto wa primaire anajua ile. Muntu anasema kwetu hata kama iko peke yake. Kwangu ni chumba, ni kitanda. Muji ni kwetu.»

Mwenye mkahawa, mwanamke mwenye aproni ya bluu, aliposikia ninacheka naye akacheka, akatuongezea mkate.

Mke wangu alingoja aondoke. «Bon, Monsieur l'ingénieur. Kwetu ya nani?»

«Ya mimi na weye. Ulizaliwa kule.»

«Papa pia batoto yake yote balizaliwa kule. Siku batakuja ku mulango baniambie, rudia kwenu, weye utabajibu nini?»

«Hawatathubutu. Mi niko muntu wa diplôme. Iko batu bananiheshimia.»

«Papa naye alikuwa na diplôme,» akasema. Hakupandisha sauti. «Balimupandisha ku train na diplôme yake mu valise ya nguo. Na majirani bale benye alikuwa anabafundishia batoto, balikuwa banaangalia.»

Nilitaka kumwambia kwamba mambo yametulia, kwamba kabila langu lingemkinga, kwamba ofisi yangu itakuwa na mlinzi. Yote nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameuliza ningejibu nini mlangoni, na hilo nililitafuta nisilipate. Meli nyingine ikapita. Supu ikapoa na kuganda juu.

Tuliporudi tukafika penye taa za Antwerpen. Hapo akaniambia, akiangalia mbele, «Nenda. Kazi umeitafuta, si mubaya. Mi nitabaki na bazee bangu ba Auderghem.» Alikuwa anatunza wazee kule, anawaogesha na kuwalisha, na wao walimngoja asubuhi.

«Mpaka lini?»

«Mpaka upate ile jibu.»

Sikulala vizuri Jumamosi ile wala Jumapili. Mimi nilitoka chini nikajijenga, na mtu aliyejijenga hawezi kukaa ghalani akihesabu masanduku ya wengine kwa kuogopa majirani. Ndivyo nilivyoamini, na bado naamini. Jumatatu nikampigia simu wakala wa Antwerpen, nikamwambia apunguze nafasi ndani ya kontena. Akauliza kama friji na kitanda kikubwa bado vinakwenda. Nikamwambia hapana, vitabu na zana zangu tu. Jikoni mke wangu alikuwa amefungua bomba la maji kwa nguvu, na sikujua kama alikuwa anaosha vyombo au hataki kunisikia.