Sweta la Mke wa Fundi Saa

Hamtaniamini, na sitawalaumu. Nimeshawahi kusema kweli tupu nikaitwa mwongo, na nimeshawahi kudanganya nikapewa kiti cha mbele. Lakini hii ya dada yangu kufuma vibaya kwa makusudi, akashindwa, akajaribu tena akashindwa tena, mpaka uchovu wenyewe ukamwonea huruma, hii hata mkiikataa itabaki kuwa kweli.

Dada yangu ni dobi wa hospitali. Si dobi wa mashati ya mabwana harusi, ni dobi wa mashuka. Mashuka mia tatu kwa siku, na shuka likilowa lina uzito wa mtoto anayekataa kwenda shule. Anayatoa kwenye mashine ya kufulia, anayatupia kwenye ya kukamulia, anayavuta tena, anayakunja, na kesho yanarudi yakiwa vilevile kana kwamba hakuyagusa. Miaka kumi na tisa sasa. Ncha za vidole vyake zimekuwa nyeupe na laini, kama za mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, ila yeye hakauki. Akifika nyumbani jioni hapigi hodi wala hasalimii. Anasema neno moja tu: "Beseni." Mimi ndugu yake, niliyekuja kukaa kwake wiki mbili miaka sita iliyopita, namletea maji ya vuguvugu, anatumbukiza miguu, anafumba macho. Mkono nao unaingia kwenye kikapu cha uzi peke yake, kama ng'ombe anayelijua zizi lake.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asilale tu. Akanijibu amefumba macho: "Kutwa nzima nashika vitu vinavyorudi. Niache nishike kimoja kinachokwenda." Nikamwongezea maji ya moto.

Kazi yake hiyo ya mkono iko hivi. Watu humpa masweta makuukuu, yaliyotoboka viwiko, yaliyofuliwa vibaya yakarudi udogoni. Anayafumua, anauosha uzi, anauning'iniza ukiwa umefungiwa chupa ya maji ili unyooke, kisha anaufuma upya. Blanketi za vichanga, kofia, soksi za wazee. Anagawa. Mkimsifu anasema, "Si kitu, ni mabaki."

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi sebule yake hujaa watu wa jengo letu. Kila mmoja huja na alichokitengeneza au alichokifukua nyumbani mwake mwenyewe, maana kuna nyumba ambazo mvungu una mali kuliko kabati. Mke wa dereva, wa ghorofa ya chini, huleta vikapu anavyosuka kwa zile kamba za plastiki zinazofungia maboksi. Mpishi wa shule, wa mlango wa pili, alileta birika la bibi yake lisilo na kifuniko, akaapa kwamba chai yake ni tamu kuliko ya birika lenye kifuniko kwa sababu inapumua. Sheria yenyewe ni fupi. Kilicho mezani ni cha macho, kitarudi na mwenyewe. Kilicho mkekani ni cha mikono, chukua. Na sweta lililotundikwa mgongoni mwa kiti cha dada ni la kufumuliwa. Sheria hii haijaandikwa popote, na hakuna asiyeijua.

Asiyeijua alikuwa fundi saa, maana ilikuwa mara yake ya kwanza.

Huyu ni mzee mkimya, mwenye kibanda pembeni mwa posta. Kile kioo cha kukuzia amekivaa jichoni miaka mingi hivi kwamba jicho la kulia hujikunja hata akiwa hana kioo. Ukiongea naye unahisi anakutafuta springi iliyokatika. Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, na tangu hapo hakuwahi kupanda ngazi za mtu. Jumamosi ile akapanda, amekumbatia sweta la kijivu kwa mikono miwili. Akalikunjua mezani taratibu.

"Alilifuma yeye," akasema. "Hakuwahi kufuma kingine."

Jamani, lilikuwa baya. Mkono mmoja umeuzidi mwenzake vidole vinne. Vitanzi vya uzi vimeachia huku, vimebana kule, na shingo imeinama upande kama inasikiliza majirani wakigombana. Hakuna aliyecheka. Mpishi akasema, "Joto lake linaonekana tu." Dada akaligusa ukingo kwa kidole, akarudi kumimina chai.

Sasa hapo akaingia mtu amechelewa. Amebeba pasi ya mkaa, chuma kitupu, kifuniko chake kina jogoo wa shaba, ameifukua stoo siku hiyo hiyo, na kwa haki kabisa alistahili kutazamwa. Meza imejaa. Mtu huyo akasogeza sweta, akalitundika mgongoni mwa kiti kilichokuwa karibu, akamweka jogoo wake katikati. Dada, ambaye namsomea hapa ninapoandika, anataka nimtaje mtu huyo. Haya. Ni mimi.

Fundi saa akapigiwa simu, mwanawe anaumwa, akaondoka mbio. Hakuaga, na sweta hakulikumbuka.

Jumapili dada alikuwa zamu. Alirudi hana mguu wala goti. Kitini kulikuwa na masweta matatu, yote ya kijivu. Akavuta la juu, akakata mishono ya mabega, akatafuta uzi unaokubali. Ukishaupata huo, sweta hufumuka kama umbea. Alifumua kwa macho yaliyofumbwa nusu, na kichwa chake hakikuwepo chumbani. Mbele, nyuma, mkono mmoja. Akasinzia mkono wa pili ukiwa mapajani.

Jumatatu asubuhi, akishuka kwenda kazini, mke wa dereva akamwita mlangoni.

"Dada, fundi saa amepiga simu. Yuko kwa mwanawe, atakaa huko mpaka mwezi ujao. Anasema lile sweta la marehemu umtunzie, atalipitia Jumamosi yetu."

"Lipi?" dada akauliza, na huku anauliza alikuwa ameshajua.

Akaenda kazini hivyo hivyo. Shuka halijui habari za mtu. Jioni alipofika hakusema beseni. Alikaa, akayatazama mabunda matatu ya uzi wa kijivu aliyoyazungusha vizuri kabisa kwa mikono yake.

"Mwambie limeibwa," nikamshauri.

"Na nani?"

"Panya."

"Panya akafumua, akazungusha mabunda, akayapanga kwa ukubwa?"

"Kuna panya waliosoma."

"Wewe," akasema, "ndiye uliyelitundika pale." Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejitetea. Nikabaki naangalia jogoo wangu.

"Nitamwambia ukweli," akasema baadaye. "Ila siwezi kumwambia mikono mitupu."

Akaanza. Dada yangu akifuma ni kama mtu anayesoma barua aliyoizoea. Mapumziko ya mchana chumba cha kufulia, jioni nyumbani, wiki moja tu, upande wa mbele ukawa tayari. Akautandika kando ya ule mkono uliosalia. Nikapiga makofi. Ulikuwa mzuri, umenyooka, vitanzi vimepangana kama meno ya binti wa tangazo la dawa ya mswaki.

"Hili ni langu," akasema. "Yule mama hayumo humu." Akavuta uzi, wiki nzima ikaondoka kwa nusu saa.

Wiki ya pili akakosea kwa makusudi. Kila safu ya nne anaruka kitanzi kimoja. Alipolitandika, makosa yalikuwa yamesimama mstari mmoja kama askari wa gwaride. Akajaribu kuyatawanya, yakatawanyika kwa adabu. "Kumbe hata kukosea kuna mwandiko," akasema, "na huu ni wangu." Akafumua tena. Macho yalikuwa yamemwingia ndani. Kazini alikuwa ameshaunguza shuka moja kwa pasi, jambo ambalo halijatokea tangu aajiriwe, na msimamizi wake akamuuliza kama ana mgonjwa nyumbani. Alimjibu ana sweta.

Jumapili akauchukua ule mkono wa marehemu akaketi nao dirishani. Hakufuma. Aliusoma safu kwa safu, kwa ukucha. Mimi nilidhani amelala.

"Njoo uone," akaniita. "Mwanzo wa kila safu uzi umelegea, ametulia. Akifika katikati anabana. Mwishoni anaruka kitanzi, au anashika viwili. Kila safu. Kisha anapumzika, anaanza upya na nguvu kidogo." Akaushusha ule mkono mapajani. "Huyu hakuwa hajui kufuma. Alikuwa anachoka. Alilifuma akiwa anaumwa."

Kuanzia kesho yake akaacha kupumzika kwanza. Nilileta beseni akasema, "Liondoe." Alikaa na viatu vyake vya kazini, mgongo haujaegemea kitu, mikono bado inatetemeka kwa mashuka, akafuma hapo hapo. Hakuhesabu. Safu ilianza vizuri, katikati vidole vikakaza, mwishoni kitanzi kikamponyoka na hakukirudia. Chokoleti haijawahi kuyeyuka kwa urahisi kama makosa yale yalivyokuja. Alipoanza kupata nafuu aliweka sindano chini, kesho tena. Wiki mbili alifuma kwa ule uchovu wa kwanza tu, na mimi namwona anakwisha kama sabuni. Ningeweza kumwambia aache. Nilimpikia chai, nayo ikapoa.

Ikabaki kuunganisha. Mkono uliosalia ulikuwa ule mrefu, hilo liko wazi. Lakini wa upande gani?

"Wewe ulilibeba," dada akasema. "Mrefu ulikuwa kulia au kushoto?"

"Kulia."

"Una hakika?"

"Naapa."

Sikuwa na hakika hata chembe. Ila mwanamume akiulizwa na dada yake aliyechoka kiasi kile, hawezi kusema hajui. Akashonea kulia.

Jumamosi fundi saa alifika kabla ya wenzake. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe vilivyokuwa safi.

"Karibu ukae, fundi."

"Sikai, mama. Nachukua tu sweta langu."

"Kaa kwanza. Sweta lako nililifumua."

Nikafunga bomba ili nisikie.

"Lote?"

"Ulibaki mkono huu. Huu ni wake kabisa, sijaugusa ila pale begani. Vingine nimevifuma mimi, kwa uzi wake ule ule."

Nikachungulia. Mzee alikuwa ametoa kioo mfukoni, amekibana jichoni, ameinamia sweta. Alianza mkononi, akapanda begani, akavuka mshono kuingia kifuani. Alikwenda pole pole sana. Dada amesimama mbele yake, mikono imelegea ubavuni, hana nguvu hata ya kuikunja.

"Nani aliliweka kwenye kiti?" mzee akauliza bila kuinua kichwa.

Sponji likanidondoka.

"Lilikuwa kwenye kiti," dada akasema. "Mikono iliyofumua ni hii yangu."

Mzee akafika mwisho wa safu moja. Akasimamisha kidole.

"Hapa ulikuwa umechoka."

"Nilikuwa nimechoka."

"Naye pia." Akatoa kioo, akakifuta kwa shati. "Ila mkono mrefu ulikuwa wa kushoto. Alisema ni makusudi, ufunike saa, nisiwe naitazama tazama nikikaa naye. Hayakuwa makusudi. Alisahau kuhesabu."

Dada akageuka akautazama mlango wa jikoni, na mimi nikajibanza nyuma ya mlango huo. "Nipe nusu saa," akamwambia mzee. "Nakata mishono, nabadilisha."

"Huwezi hata kusimama, mama." Mzee akalishika sweta, akaligeuza nyuma ikawa mbele, akaingiza kichwa. Mkono mrefu ukaangukia kushoto, ukaifunika saa yake mpaka kwenye vidole. Shingo ya nyuma, ile iliyofumwa ikae juu, sasa ilikuwa mbele, imempanda kooni hadi kidevuni.

Na hapo ndipo, jamaa zangu, fundi saa alipoanza kulia kilio ambacho sijakisikia kwa mwanamume tangu nizaliwe. Saa zote za mji zikasimama. Jengo zima likajaa kwenye ngazi, wengine wanalia, wengine wanapiga makofi, mpishi amezimia. Nami nikatoka jikoni kifua mbele, nikakiri kosa langu mbele ya umati ule, na watu, kwa kuguswa na ushujaa wangu, wakaninyanyua juu juu, wakanizungusha sebule nzi—

"Umati upi?" anasema dada, macho hayajatoka kwenye sindano. "Ulitoka jikoni mzee wa watu ameshafika kibandani kwake. Na hakulia. Alisema linamwasha kooni, akauliza kama chai ipo. Nikammiminia, akanywa amelivaa hivyo hivyo. Andika hivyo."