Mtu wa Ninawi na Chetezo cha Bibi

Mchumba wangu alikuwa mchimbuaji wa mambo ya kale. Alikuwa ametoka kazini Ninawi, mji wa Nabii Yunus, uliotajwa tangu vitabu vya Mayahudi, alikoshinda juani akisugua vigae kwa brashi. Baba yangu, aliyetoka Unguja akiwa kijana na kufanya kazi benki huku Ruwi, Uarabuni, mpaka akastaafu, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo.

"Mwanamme mzima anaokota vyungu vilovunjika," alisema. "Sie hapa tunavitupa."

Hata hivyo alikubali kijana aje kula chakula cha mchana, amtazame, kisha atoe jawabu. Mimi roho juu. Nilimuusia mwenzangu kwenye simu: kula, sifu biriani ya mama, vigae usivitaje. Udi ukipitishwa, jifukize, aga, nenda zako, maana kwetu udi ndio kwaheri yenyewe.

Alijitahidi, maskini. Aliisifu biriani mpaka mama akaona haya. Nikaanza kuchagua rangi ya nguo ya harusi kichwani.

Ndipo mama akaleta chetezo cha udongo, cha marehemu bibi, makaa yamewaka, udi unafuka. Mwenzangu akakipokea, akajifukiza kidogo, halafu nikaona macho yake yamebadilika. Mtu wa vigae akishika chombo cha udongo, mkono wake unajua kitu kimoja tu: kukipindua atazame kitako kilivyofinyangwa.

Akakipindua.

Makaa yote yakamwagika juu ya zulia la Kiajemi la baba, ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulikanyaga hata na soksi. Mama akayamwagia birika zima la kahawa. Moshi ulipotulia, palikuwa na tundu la ukubwa wa kisahani.

Mwenzangu alipiga magoti, jasho linamtoka, akaligusa. "Ninawi nako tunakuta tabaka la majivu kama hili, ami," alisema. "Mji uliungua."

Nikajua ndoa imekwisha kabla haijafungwa.

Baba alimtazama sana. "Uliungua baadaye," alisema. "Kwanza watu wa Yunus walitubu, wakasamehewa. We hujatubu bado."

"Nisamehe, ami."

"Niite baba. Na zulia mtakwenda nalo, sitaki kuliona."

Baba hayupo tena. Zulia liko sebuleni kwetu, na fundi alipotaka kuliziba tundu tulimkatalia. Wageni wakija, chetezo nakipitisha mwenyewe. Mume wangu hujifukiza mikono ikiwa nyuma ya mgongo, nami hulitazama lile tundu, nikacheka huku machozi yananitoka.