Unyayo wa Mwizi Chini ya Beseni

Nilipokuwa na miaka tisa, huku kwetu Mount Druitt, pembeni mwa Sydney, bibi yangu alifunika unyayo wa mwizi kwa beseni la kufulia, na kwa wiki nzima nikaacha kutazama watu usoni. Nilitazama miguu yao tu.

Tulikuwa tumetoka kanisani, Jumapili mchana. Mlango wa nyuma umevunjwa, televisheni haipo, kompyuta ya kaka yangu haipo, mashuka yamemwagwa sakafuni. Mama hakupiga kelele. Aliketi palepale juu ya mashuka akasema, "Hata huku." Nilidhani analilia televisheni. Leo naelewa zaidi. Mama alikimbia Burundi na mtoto mgongoni, akaishi kambini Kigoma miaka mingi akilala jicho moja wazi, na ni Australia alikojifunza tena kulala kama binadamu. Usingizi ule ulikwisha siku hiyo, na kufuli zote alizoongeza baadaye hazikuurudisha.

Bibi, mama yake mama, alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kishamba chake cha lengalenga, yaani mchicha, chini ya dirisha la bafu. Mvua ilikuwa imenyesha. Akaita, "Esta! Lete beseni, upesi!" Nilipofika nikaona unyayo mmoja wa kiatu umezama vizuri kwenye udongo, mpaka michirizi ya soli inaonekana. Bibi akaufunika taratibu, akaweka tofali juu.

"Usiguswe na jua, usiguswe na mvua," akaniambia. "Mguu wake utavimba mpaka aje mwenyewe kusema. Weye tazama tu. Atachechemea."

Mama aliposikia akashika kiuno. "Mama, sisi tumeokoka! Mambo ya nyayo si tuliyaacha kambini?"

"Hata mimi nimeokoka," Bibi akajibu bila wasiwasi wowote. "Mwizi ndiye hajaokoka."

Kesho yake akaja polisi, dada mmoja kijana, bastola kiunoni. Nilijua atacheka. Hakucheka. Alichuchumaa katikati ya lengalenga, akainua beseni, akalaza rula kando ya unyayo, akaupiga picha mara tatu. Kisha akalirudisha beseni kwa mikono miwili na kumwambia Bibi amefanya jambo la maana sana. Nilipotafsiri, Bibi akapiga makofi. "Kumbe nao wanaujua!"

Jamani, mwili mzima ulinisisimka. Mpaka siku ile nilijua kuna dunia ya Bibi na kuna dunia ya shule, na mimi ndiye mkalimani katikati. Sasa nilikuwa nawaona wanawake wawili wameinamia udongo uleule, wanauheshimu sawasawa. Basi nikaamini bila chembe ya shaka kwamba mahali fulani katika Sydney hii kuna mguu unaanza kuvimba.

Nyumbani maisha yalibadilika. Mapazia hayakufunguliwa, baiskeli yangu ikafungiwa stoo, na mama akiwa kwenye shifti katika nyumba ya wazee alipiga simu kila saa. Watu wa ushirika wetu wa maombi walikuja kutupa pole, kila mmoja na kisa chake cha wizi, na kila kisa kilikuwa kikubwa kuliko kilichotangulia. Wakishaondoka tuliogopa hata mtu anayeleta barua.

Jumatano, natoka shule, nikamwona Dylan anachechemea.

Dylan alikuwa mtoto wa jirani, Mzungu wa miaka kumi na minne, mrefu, mpole, na ndiye aliyenishikia baiskeli mpaka nikajua kuiendesha. Aliniambia ameanguka kwenye ubao wake wa magurudumu. Sikumsikia. Nilikuwa naangalia kifundo cha mguu wake kilivyovimba. Maneno ya Bibi yalikuwa yanatimia mbele ya macho yangu! Nilikimbia nyumbani nikamwambia kaka, nikamwambia mama, nikawaambia na wanawake wa ushirika waliokuwapo. Bibi peke yake sikumwambia. Nadhani nilijua ataniuliza maswali.

Na mama, yule yule aliyeokoka, aliamini papo hapo. Kufikia Ijumaa wanawake wa ushirika walikuwa wanavuka barabara wakimwona Dylan, na watoto wao wamekatazwa kukaa naye kwenye basi la shule. Yeye hana hili wala lile, anatupungia mkono kama kawaida. Mimi nainamisha kichwa.

Jumamosi mchana walikusanyika kwetu kwa maombi, na baada ya amina ya mwisho mama akashika simu awape polisi jina la Dylan. Bibi akaingia na sinia la chai.

"Mnamtaja nani?"

Mama akamweleza, simu ingali mkononi. Bibi akanigeukia. "Umeupima?"

"Lakini anachechemea, Bibi!"

"Nakuuliza kama umeupima. Polisi alileta rula. Weye umeleta mdomo."

Akaweka sinia chini, akanishika mkono, tukatoka. Mlangoni kwa akina Dylan nikamuuliza nitasema nini. "Sema Bibi anaomba mguu wa mtoto wao." Nikasema hivyohivyo kwa Kiingereza, neno kwa neno, halafu nikaangua kilio na kueleza yote. Mama yake Dylan akaiva uso kwa hasira. Dylan alikuwa nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyesema ni mimi?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Angeweza kufunga mlango, na mama yake alitaka aufunge. Lakini alimtazama Bibi, mwanamke mzee mwenye kitenge na kandambili aliyekuwa anamngoja bila haraka, akaingiza mguu wake mbovu kwenye kiatu huku akiuma meno, akaja.

Wanawake wote walijipanga kando ya ukuta wetu. Bibi akapiga magoti kwenye udongo, magoti yenyewe mabovu, akainua beseni. Unyayo ulikuwa mzima kama siku ya kwanza. Dylan akamshika Bibi bega, akakanyaga pembeni yake, akautoa mguu. Kiatu chake kilizidi kile cha mwizi kwa vidole vinne. Vinne! Bibi akapima kwa vidole mara ya kwanza, akapima tena, kisha akaagiza kila mtu aje ainame aone kwa macho yake, mama akiwa wa kwanza. Hakukubali mtu aone kwa mbali. Wakainama mmoja mmoja.

Siku zote hizo nilidhani nguvu iko ndani ya udongo, na sasa nilimwona bibi yangu, asiyejua kusoma, amewanyamazisha watu wazima ishirini kwa vidole vyake. Sijawahi kumwogopa na kumpenda mtu kwa pamoja namna ile.

Kisha akamketisha Dylan kwenye ngazi, akajaza beseni maji ya moto na chumvi, akamkanda mguu. Mama akamwomba mama yake Dylan msamaha kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Unyayo ukabaki wazi, na hakuna aliyekumbuka kuufunika tena.

Jioni tukiosha vikombe Bibi akaniambia, "Mwizi alichukua televisheni, Esta. Weye ulikuwa unachukua mtoto wa watu." Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Mwizi hajapatikana mpaka leo. Huenda alichechemea kweli, sijui, na sitamcheka Bibi kwa hilo. Ameshatangulia mbele za haki, mama amezeeka, nami nina mwanangu wa miaka kumi na sita, Daudi, mrefu kupita umri wake.

Mwezi uliopita kwenye kundi la simu la wakazi wa mtaa wetu mtu aliweka picha ya kamera ya mlangoni: kijana mweusi, kofia ya sweta kichwani, anapita kando ya uzio. Gari fulani lilikuwa limevunjwa kioo wiki hiyo. Chini yake watu wameandika wee, kwamba ndiye, kwamba wanamjua, kwamba apigiwe polisi. Nilimtambua kwa mwendo. Alikuwa anatoka mazoezini.

Nilikaa na simu ile mkononi muda mrefu, kwa hasira nimeshaandika matusi ya kutosha. Nikayafuta. Nikamwita Daudi avae viatu, tukaenda mguu kwa mguu mpaka kwenye nyumba yenye kamera, nikagonga.

Aliyefungua alikuwa mama wa makamo, mnyororo wa mlango haujatolewa, na macho yake yalikuwa macho ya mama yangu siku ile juu ya mashuka. Nikamhurumia kabla sijaweza kumkasirikia.

"Huyu ni mwanangu," nikamwambia. "Anaitwa Daudi. Nimemleta umwone kwa karibu."