Maji ya Chini ya Mtungi

Juzi nilipanda Newala kumzika daktari wetu, na tangu nirudi nina hofu isiyonitoka. Acha nikusimulie, maana wewe hukukulia juu kule, na huenda hujui maji yalivyotutesa.

Maji yetu yalikuwa bondeni. Tulitoka na baridi ya alfajiri, ndoo juu ya ngata kichwani, tukarudi jua limeshawaka, shingo zinauma. Kwa hiyo mtungi haukumwagwa kamwe. Bibi aliyenilea pale kijijini Mkunya, mfinyanzi wa vyungu, kila mara aliacha maji kidogo chini, kisha akajazia mapya juu yake. Alisema mtungi uliokauka husahau kupoza. Yalikuwa maji baridi, yenye harufu ya udongo, na mabibo yakikukereketa koo, ukiyanywa ulihisi umepona.

Daktari alikuwa binti wa jirani, wa kwanza kwetu kusomea magonjwa kwa hadubini. Wenzake walibaki mjini. Yeye alirudi, akawa anapita nyumba kwa nyumba na tochi, akichungulia mitungi. Watu walimnunia. Msomi gani huyo, kazi yake kukagua maji ya wenzake?

"Shikamoo Bibi. Hawa viluwiluwi mtungini ndio mbu wa kesho, na ndio wanaoleta ile homa ya kukunja viungo. Nakuomba uyamwage maji haya."

"Marahaba mwanangu. Niyamwage, halafu bondeni utateremka wewe?"

Daktari akazima tochi, akaenda zake.

Mvua za kwanza zikaja, na homa nayo. Jirani wa kwanza kuugua alitembea ameinama, akishika kuta. Kinu kikanyamaza leo nyumba hii, kesho ile. Mimi nilikuwa natazama vidole vya Bibi tu, maana ndivyo vilivyotulisha. Asubuhi moja akashindwa kufunga kanga yake. Homa ilimtoka, lakini vidole havikunyooka tena, na udongo aliokuwa ameuloweka ukakauka uani. Nililia kuliko yeye.

Daktari aliporudi hakumlaumu. Alichukua ndoo yetu, akateremka bondeni mwenyewe, akapanda nayo kichwani huku wanawake wakimtazama. Bibi akauinamisha mtungi kwa viwiko, akamwaga yote mpaka chini. Tangu hapo kijiji kizima kikawa kinamwaga na kusugua mitungi, na daktari akizunguka miaka nenda miaka rudi, akitugombeza kama watoto wake. Homa ikatuachia.

Siku hizi bomba limefika, linatoka siku linapotaka, na kila ua una tangi lake la plastiki. Baada ya mazishi nilichungulia moja lisilo na mfuniko. Viluwiluwi walikuwa wanacheza humo kwa raha zao. Nikamuuliza mwenye nyumba ni nani anayekagua siku hizi. Alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mama Saidi, nani tena akague? Aliyekuwa anatusumbua ndiye huyo tumetoka kumzika."