Bustani Iliyozama Bado Inakaribisha Wageni

Saa moja na robo asubuhi, Falone Kabulo amelala kifudifudi chini ya kitanda kisicho chake. Vumbi linamwingia puani. Mkononi ana simu, na kidole gumba kinasubiri kubonyeza.

Katikati ya chumba, kamera ndogo yenye macho mawili, moja mbele na moja nyuma, imesimama juu ya stendi kama askari aliyesahauliwa zamuni. Inaona dari, sakafu na kuta zote nne kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo mpiga picha hana pa kusimama. Ama aonekane, ama ajifiche. Falone, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, amejificha chini ya vitanda vya watu kwa miaka minne sasa, mchana kweupe na kwa idhini ya wenye vitanda.

"Mama Emilie, mlango!" anaita kutoka chini.

"Nimefunga!"

"Na ile ndoo?"

Nyuma ya mlango, ndala zinasogea taratibu. Ni hatua za mtu aliyeficha ndoo.

Falone anatoka, anajikung'uta, anafungua kabati. Ndoo ya kijani imo humo, imefunikwa shuka, imetulia kama mkimbizi.

Mama Emilie Kisimba, mwenye nyumba hii ya wageni ya vyumba sita huko mlimani, hana aibu nayo. "Bomba inatoa maji siku mbili kwa juma," anasema. "Mugeni akiona ndoo, atajua bomba ni pambo tu."

"Njo vizuri ajue, Mama. Ajue angali kwake Kabalo. Asijue akiwa hapa, sabuni iko machoni."

Kazi ya Falone ni kutengeneza ziara za mtandaoni. Mtu aliye mbali anafungua simu, anaingia mlangoni mwa hoteli, duka au saluni, anageuka kulia na kushoto, anapanda ngazi, anachungulia bafu, kisha anaamua kama atakuja. Kwa mji ambao mgeni wake hufika kwa boti au kwa treni isiyopenda kuharakishwa, kuona kabla ya kusafiri si anasa.

Tatizo ni malezi. Tangu picha za komunio ya kwanza, watu wa Kalemie, mji huu wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, wanajua jinsi ya kupigwa picha: kochi la jirani linatolewa uani, linatandikwa vitambaa vya kufuma, na mabeseni, mkaa na mjomba mlevi vinapelekwa nyuma ya mpiga picha. Kila familia nzuri mjini ina picha ya namna hiyo ukutani. Kamera ya Falone haina nyuma. Duka la dawa lililomwita mwaka juzi lilipanga rafu zote kwa ustadi, likarundika maboksi matupu, baiskeli mbovu na mfamasia aliyesinzia upande wa pili. Vyote vilitoka vizuri sana.

"Ziara nzuri haina mambo mengi," anaeleza, huku akiirudisha ndoo bafuni. "Anzia barabarani, muntu ajue njia. Onyesha bafu, kwa sababu njo kitu cha kwanza anatafuta. Vituo vya kusimamisha kamera, saba, nane, basi. Na usidanganye. Hiyo ya mwisho nilijifunza kwa kuchelewa."

Anarudi chini ya kitanda. Kabla hajabonyeza, simu inaita. Anaipokea palepale, shavu likiwa sakafuni.

"Alo? Hapana, Papa, mimi si hoteli. Mimi njo nilipiga zile picha… Bustani iko ndani ya maji, Papa. Yote… Payote? Zote ine. Hapana, sichezi na weye."

Sauti ya mwanaume inasikika mpaka mlangoni: "Sasa uliziweka ya nini, muongo weye?"

Falone anainua kichwa kwa ghafla na kugonga mbao za kitanda. Anakata simu. Wiki hii hiyo ni simu ya nne.

Bustani inayoulizwa ilikuwa ya Papa Bonaventure Mulongo, mwenye hoteli ya vyumba kumi na viwili kando ya ziwa. Ndiyo kazi ya kwanza kubwa ya Falone. Alikuwa amepiga picha za vitambulisho na harusi kwa miaka saba, akaweka akiba miaka mitatu, akaagiza kamera iliyovuka ziwa kutoka Kigoma ikiwa imefungwa ndani ya kitenge cha mfanyabiashara wa dagaa. Hata leo mfuko wake unanukia safari hiyo.

Ziara ile ilikuwa nzuri. Unaingia getini, unapita maua, unafika kwenye payote, vile vibanda vya nyasi vya kukalia wageni, kisha mchanga, kisha maji, mbali. Chini kabisa iliandikwa jina la Falone na namba yake ya simu. Alidai mwenyewe iandikwe. Alikuwa na fahari nayo. Wageni waliongezeka, na wenye biashara wengine wakamfuata: kazi tano au sita kwa mwezi, kila moja dola mia na ishirini.

Mwaka wa 2024 ziwa lilipanda, likala mchanga, likala payote, likala maua, likaingia vyumba vinne bila kuonyesha kitambulisho. Mtandaoni hakuna kilicholowa.

Falone alikwenda kwa Papa Bonaventure kuomba ziara ifutwe au ipigwe upya. Mzee alimsikiliza kwa adabu, suruali ikiwa imekunjwa mpaka magotini.

"Ziwa ilikuja yenyewe, itarudi yenyewe," alisema. "Nikifuta leo, na kesho maji ikauka?"

"Na mugeni atakayekuja leo, Papa?"

"Mugeni akishafika na mizigo yake, ataenda wapi? Vyumba munane viko vikavu."

Mgeni aliyefika na mizigo yake alikuwa Mama Agathe Ngoie, kutoka Kongolo. Alikuwa anamwoza binti yake. Alitembea katika bustani ile kwa simu jioni baada ya jioni, akapanga kwaya itasimama wapi, meza ya keki itakaa wapi. Alifika Kalemie na watu sitini, ngoma mbili na keki ya ghorofa tatu. Alikuta samaki wadogo wanaogelea palipopangwa kwaya.

Harusi ilifungwa ndani ya depo ya mahindi. Bi harusi alipigwa picha mbele ya magunia, na aliyezipiga alikuwa mtu mwingine. Siku iliyofuata Mama Agathe aliingia studio ya Falone, akaketi, akakaa karibu saa nzima.

"Ningependa anitukane," Falone anasema. "Alikaa tu. Halafu akaniambia, 'Nilihesabu mpaka hatua, mutoto yangu. Toka payote mpaka kwenye maji, makumi tatu. Macho yangu, weye njo uliyatembeza.' Akasimama, akaenda kutafuta treni."

Habari ilifika sokoni haraka kuliko ziwa lilivyopanda. Wakamwita Mama Payote. Mwenye saluni aliyekuwa amepanga siku ya kupigwa picha alimwambia usoni: "Kwako hata ukuta wangu utaota maua." Kazi zikapungua, zikawa mbili kwa mwezi, zikawa moja. Mwezi huu ni Mama Emilie peke yake.

Hapa msomaji mwema atauliza kwa nini Falone hakuifuta ziara ile mwenyewe. Neno la siri analo. Papa Bonaventure hapendi kukariri, alimwachia tangu siku ya kwanza. Anaweza kuifuta kwa vidole viwili, hata akiwa chini ya kitanda.

Jibu linaishi kwenye kambi ya waliohamishwa na maji, juu ya kilima, katika kibanda cha turubai nambari mia moja na nne. Ni Mama Monique, mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu.

Nyumba ya Mama Monique ilipakana na bustani ya hoteli. Kamera isiyo na nyuma iliiona. Ukisimama kituo cha tano, karibu na payote ya mwisho, ukaligeuzia ziwa kisogo, juu ya ua wa matete unaona bati la buluu, jiko la nje, na mwanamke aliyeshika kiuno anamkaripia kuku. Nyumba hiyo sasa imebakiza paa. Kompyuta ya Falone, yenye picha zote za asili, ilikuwa ndani yake siku maji yalipoingia. Nakala iliyobaki ni ile ya mtandaoni, ile inayodanganya.

Kila Jumapili baada ya misa, Falone anamletea mama yake mikebuka, samaki wa ziwani waliokaangwa, na simu. Mama Monique anaanza na simu.

"Nipeleke nyumbani."

Falone anafungua. Mama Monique anajiingiza mwenyewe getini, anapita maua bila kuyatazama, anafika kituo cha tano, anageuza kwa kidole kilichokauka. Anamvuta kuku karibu.

"Huyu kuku alikuwa na kiburi," anasema.

Falone aliwahi kumtolea picha hiyo kwenye karatasi. Mama aliitazama mbele, akaitazama nyuma, akairudisha. "Hii imekufa. Haigeuki."

Jumapili hii, mama akiwa bado amesimama pale kwenye bati lake, simu inaita na kuifunika picha. Falone anapokea. Ni mwanamke wa Nyunzu, ana semina ya watu arobaini, anataka bustani. Falone anamweleza. Mwanamke ana sauti ya kanisani, na maneno yake yanajaza kibanda: mwongo, mwizi, mutoto asiyefunzwa na mama yake.

Mama aliyetajwa anasikiliza yote, mkono kiunoni.

"Wanakuitaka hivyo mara ngapi?" anauliza simu inapokatika.

"Kula mama, mikebuka inapoa."

"Nimekuuliza."

"Niliacha kuhesabu."

Mama Monique anaichukua simu, anatazama kuku kwa mara nyingine, kisha anamrudishia binti yake.

"Futa."

"Mama, hakuna ingine. Ikienda, imeenda."

"Futa, nakuambia. Kwangu naijua njia."

Falone alifuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchomoa mwiba wa samaki. Papa Bonaventure alipiga simu siku ya pili asubuhi, akasema mambo mengi kuhusu vijana na shukrani. Mama Emilie naye alisikia habari hiyo sokoni kabla ya saa sita. Aliitoa ndoo bafuni, akaisugua kwa mchanga, akaifunika kwa mfuniko mpya, akairudisha palepale ilipokuwa. "Piga tena," alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa chafu."

Haijulikani kama vyumba sita na ndoo moja vitamrudishia Falone jina. Mwenyewe hana uhakika. Kila kituo cha ziara zake sasa kina tarehe, kubwa, mahali ambapo zamani angeweka ua.

Mwezi wa kumi, pepo zikitulia, ataazima mtumbwi wa Papa Chérubin, jirani wa zamani, aende pale palipokuwa kituo cha tano. Atasimamisha kamera katikati ya mtumbwi, paa la buluu upande mmoja, hoteli upande wa pili, maji pande zote. Ataiweka mtandaoni bure, aone nani atatembea humo. Mama Monique ameshatoa sharti: ataketi kwenye mtumbwi amevaa kitenge kilekile alichovaa siku ile akimkaripia kuku.

Na Falone atajificha wapi? Kwenye mtumbwi hakuna chini ya kitanda.

"Safari hii nitakaa," anasema, akifuta vumbi kwenye jicho moja la kamera, kisha jingine. "Nimefichama ya kutosha. Anayetaka kuniita muongo, anione niko ndani ya maji, naye aniite."