Pigo la Pili

Daktari Mumbere alinibandika nyaya kichwani kwa sababu mkono wangu wa kulia hautulii. Kitu kikigonga popote, unaruka kutafuta komeo la mlango, hata kama nimeshika sufuria ya moto.

"Mama Ngalula, utasikia kengele. Usifanye kitu, jitayarishe tu. Taa ikiwaka, bonyeza hapa."

"Kazi hiyo naijua, Docta. Nilifundishwa na Kapya."

Kapya alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, mwaka ule sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai tulipofukuzwa Lubumbashi. Mimi nilizaliwa hapa. Hiyo Kasai sikuwahi kuiona. Mume wangu Stanislas alikuwa ametangulia stesheni kututafutia nafasi kwenye treni. Vijana walizunguka na mawe wakiimba, "Bilulu, murudie kwenu!" Wadudu, ndio sisi.

Kapya akaniambia, "Sikia, dada. Bakikaribia, nitapiga kinu mara moja: ufunge mutoto mugongoni. Njia ya nyuma ikikuwa wazi, nitapiga tena. Usipoisikia ya pili, usitoke!"

"Na ukisahau?"

"Mie nisahau? Kwani niko bwana yako?"

Tulicheka sana.

Kinu kililia jua likiwa kali. Ko! Sauti kavu ya kinu kitupu. Nikamfunga mwanangu Dieumerci mgongoni, nikashika komeo la mlango wa nyuma. Mwili wangu wote ulikuwa umeshatoka nje, isipokuwa miguu. Nikasikia mawe kwenye mabati ya nyumba ya mbele. Kisha kwenye mabati yetu.

"Mama, twende," mtoto akasema. Alikuwa amejifunza kusema juzi tu.

"Bado."

Wakavunja mlango wa mbele. Jiwe nililotupiwa mimi lilimpata yeye. Alifia stesheni, treni haijaja.

Niliporudi, miaka ya vita imepita, nilimkuta Kapya anaishi nyumbani kwangu. Akanipa kiti changu mwenyewe, eti nikae.

"Nilipiga, dada! Bale bavijana balikuwa bananiangalia. Mwanamuke gani anatwanga kinu bila kitu? Nikatupa sombe ndani, nikapiga tena. Hukusikia?"

Sombe ni majani ya muhogo, na majani hayalii. Kinu kikiwa na sombe, hata aliye mlangoni hasikii kitu. Kila mwanamke wa mji huu anajua hilo, na Kapya ametwanga tangu utotoni.

Kengele ya daktari ililia. Nikangoja. Taa haikuwaka.

Mumbere akanionyesha mstari kwenye kioo cha mashine. "Kichwa kikingojea kitu, wimbi hili linapanda polepole. Ile saa ikipita, linashuka lenyewe. Lako limekataa kushuka." Akainama karibu nami. "Taa nimeizima makusudi, mama. Haitawaka. Unaweza kuachia."

Nikautazama mkono wangu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, kimekakamaa.

"Bado," nikasema.