Mtani Asiyekombolewa

Mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima, nilimwona mjane akijikinga kichwa kwa mikono miwili ili asipigwe na mumewe. Mumewe alikuwa amezikwa muda mfupi tu uliopita. Udongo ulikuwa bado mbichi kwenye miguu ya waliomzika. Aliyesimama mbele ya mjane yule na bakora mkononi alikuwa rafiki yangu Kazungu, mtu wa Kilifi, ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kufika Handeni maishani mwake.

Najua utakavyosema. Na mimi ningesema hivyo hivyo kama ningesimuliwa. Lakini nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka na sahani ya ubwabwa mapajani, na nitakueleza kwa mpangilio nilivyoona, nisiongeze kitu.

Tulikuwa watatu: mimi, Saidi mwenye gari, na Kazungu. Kazungu alikuwa anakaribia kumwoa Dama, na safari ile tuliipanga iwe ya mwisho kabla ya ndoa. Tuvuke mpaka, tuione Tanzania ambayo tumekuwa tukiisikia tu. Tulipita Horohoro, Tanga, Muheza penye machungwa yaliyopangwa mafungu kando ya barabara, tukalala Korogwe. Asubuhi milima ya Usambara ilikuwa imevaa wingu kiunoni, na chini yake mashamba ya mkonge yamenyooka safu kwa safu kama mtu kayachora kwa rula. Saidi alipiga picha mpaka simu ikapata moto.

Kazungu ndiye aliyekuwa roho ya safari. Kila mtu tuliyekutana naye, askari wa mpakani, muuza matunda, mhudumu wa nyumba ya wageni, alimwiga baada ya kuachana naye, na alimpatia vizuri mno. Lakini hakuwa na ubaya. Huyu ni mtu anayehamisha konokono barabarani wasikanyagwe. Nakuomba ulikumbuke hilo.

Tulishuka kusini kupitia Segera, na tulipofika Kabuku tukachepuka barabara ya vumbi kuelekea Mazingara, bila sababu nyingine ila kuona nchi. Mbele tukakuta matawi mabichi yamelazwa njiani. Saidi alidhani kuna lori limeharibika. Kumbe ni msiba. Wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanarudi makaburini, wananawa mikono, na mmoja wao akatufanyia ishara tushuke.

"Msafiri hapiti msiba na njaa," alisema. "Karibuni mle."

Basi tukaketi. Na hapo tukaona jambo ambalo kwetu hatukulizoea. Katikati ya uwanja wa nyumba yenye msiba palikuwa na mzee mmoja mnene, Kasubi, amelala chali juu ya jembe lililochimbiwa kaburi, anapiga kelele kama mtoto.

"Mmemkandamiza vizuri?" aliuliza. "Rudini mkaongeze udongo! Yule hachelewi kurudi, atasema ameacha ugoro wake!"

Watu wakacheka. Hata wazee waliotoka kulia walicheka. Mama mmoja aliyekuwa akitupakulia chakula aliona ninavyoshangaa. "Huyo ni mtani wetu, mwanangu," akaniambia. "Yeye Mnyamwezi, babu yake aliletwa Korogwe na kazi ya mkonge. Sisi Wazigua. Akifa wetu, yeye hutukana, nasi tukifika kwao tunatukana. Ndivyo msiba unavyopungua uzito."

Kasubi alikuwa ameshatuona. "Na nyie? Kenya? Loh! Mmefuata harufu ya ubwabwa mpaka huku!"

Mimi na Saidi tuliinamisha vichwa. Kazungu, je, angeweza kunyamaza?

"Mzee, ubwabwa wenu mtamu," alijibu. "Kesho afe mwingine, turudi!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Kasubi aliinuka pale kwenye jembe, akamsogelea, akamtazama kwa makini. Kicheko kilibaki mdomoni tu, machoni hakikuwepo. "Wewe ni mtani?" akamuuliza.

"Mtani kabisa, mzee. Tangu mababu."

"Wote mmesikia?" Kasubi aliwageukia watu. "Amesema mwenyewe."

Akaingia nyumbani, akatoka na koti kuukuu jeusi na bakora ya marehemu. Hapa niliona jambo, nami nalijutia mpaka leo kwamba niliona nikanyamaza. Kasubi hakulishika lile koti. Alilining'iniza kwenye ncha ya bakora, na bakora yenyewe ameishika kwa upindo wa kikoi. Wanawake wawili wa Kinyamwezi, wa kwao Kasubi, waliokuwa wakitania pamoja naye tangu tufike, waliinuka wakaondoka bila kuaga.

"Mtani huvaa nguo ya marehemu akamwigiza," alisema Kasubi. "Mimi mgongo unaniuma. Vaa wewe."

Kazungu akavaa. Akachukua bakora. Akasimama kidogo, kama anavyofanya siku zote kabla ya kumwiga mtu. Lakini anamwiga nani, wakati huyo mtu hajamwona?

Akaanza kutembea, akiburuta mguu wa kushoto.

"Ndiye!" watu walipiga makofi. "Jamani, ndiye huyo!"

Akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu kifupi. Watoto wakajificha nyuma ya mama zao, wakubwa wakazidi kucheka. Akakizunguka kiwanja, akapiga nguzo ya turubai kwa bakora, na vumbi likaanguka kwenye sahani zetu. Kisha akasimama mbele ya mlango, alipokaa mjane na kanga yake nyeupe. Akasema maneno machache kwa Kizigua.

Niamini: Kazungu hajui Kizigua. Hakujua hata kusalimia.

Mjane hakumtazama usoni. Mikono yake ilipanda yenyewe, ikafunika kichwa, na shingo ikazama mabegani. Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia kuku akidonoa sufuria.

"Amesema nini?" nilimnong'oneza yule mama.

"Ameuliza maji ya kunawa yako wapi." Mama alikuwa ameweka upawa chini. "Marehemu aliuliza hivyo kila siku kabla ya kumpiga. Hata maji yawe mbele yake."

Saidi aliruka, akamvua Kazungu koti. Lilivuka bila taabu. Lakini Kazungu aliendelea kusimama vilevile, mguu umepinda, jasho linamtiririka, na machozi yanamtoka. Midomo yake ilijaribu kuniita jina langu. Kilichotoka ni kikohozi.

Yule mama akanisukuma. "Mtani akimvaa marehemu, ndugu wa marehemu humkomboa kwa kumpa kitu. Hata kuku, hata kikombe cha mchele. Hapo nyumba inampokea marehemu wake, na mtani anaondoka peke yake. Haya, waombe!"

Nilimwendea kaka wa marehemu. "Shikamoo mzee. Tunaomba mumkomboe mwenzetu."

"Marahaba. Tumkomboe kwa utani upi? Mtani wetu ni Kasubi, na Kasubi hakuvaa."

"Mzee Kasubi ndiye aliyempa!"

"Mimi nilivae?" Kasubi alidakia, na sasa alicheka kwa moyo wote. "Namjua yule! Nilishakula naye!"

"Tutaliacha koti hapa," Saidi alisema.

"Liacheni," kaka mtu alijibu. "Kwani koti ndilo mnaloondoka nalo?" Kisha akaonyesha mlangoni kwa kidevu. "Nyumba ni ya mjane sasa. Akitaka kumpokea, shauri lake."

Mjane aliinuka. Aliingia ndani taratibu, akatoka na kikombe kimejaa mchele. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Alimwendea Kazungu mpaka karibu kabisa, akamtazama yale machozi, na nadhani alimhurumia, maana alimgusa shavu. Kisha akageuka, akaumwaga mchele wote chini.

Kuku wakakimbilia.

"Mimi nimeshamzika," alisema. Akarudi kuketi.

Hakuna aliyetufukuza, na hakuna aliyetuaga. Tulimbeba Kazungu hadi garini. Tulipolivuka daraja la Korogwe akazinduka, akauliza mbona tuna nyuso za kununa, na ule ubwabwa uliishia wapi. Hakukumbuka kitu tangu alipoingiza mkono kwenye koti. Mguu aliuburuta mpaka tulipofika mpakani, halafu ukapona. Tulimweleza, akacheka, akasema tulimpangia mzaha. Akamwoa Dama kama ilivyopangwa, nami nilikuwa shahidi.

Namba ya simu ya yule mama wa ubwabwa ninayo, alinipa tulipokuwa tukila. Nilimpigia kuuliza kama kuna dawa. Alisema hajui dawa. Nikauliza habari za mjane. "Amenenepa," aliniambia. "Siku hizi hata kuimba anaimba."

Kwa hiyo ukipita Handeni, au popote penye msiba usio wako, kula, toa pole, nenda. Ukiulizwa wewe ni nani, sema mgeni. Mzaha wa watu una wenyewe, na wenyewe wana wa kuwakomboa. Wewe huna.

Juzi nilikwenda kwa Kazungu. Hakuwepo, nikamkuta Dama anaandaa chakula: samaki, wali, na birika la maji ya kunawa tayari mezani. Tulikuwa tunaongea habari za kawaida. Nje mtu akakohoa, mara mbili.

Mikono ya Dama ilipanda ikafunika kichwa.

Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, kama Kazungu anampiga. Aliapa kwamba hajawahi kuinua hata kidole, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesema kweli. "Sijui kwa nini nafanya hivi," aliniambia. "Inaanza yenyewe."

Kazungu akaingia, akanipa mkono, akatabasamu vilevile kama zamani. Akaketi mbele ya birika.

"Dama," akasema, "maji ya kunawa yako wapi?"

Dama alikuwa bado hajashusha mikono.